Weupe wa Maji si Usafi

Uko uongo mmoja ambao watu wengi huukubali kwa sababu hautamkwi na kinywa. Hutamkwa na macho. Jicho hutazama maji ndani ya kikombe, likaona hayana tope wala takataka, likatoa hukumu kuwa ni safi. Hukumu hiyo ni ya haraka popote itolewapo. Na katika mtaa wa Rhonda, jijini Nakuru, ni ya hatari pia. Nakuomba, msomaji, uikatae. Na ukiisha kuikataa, uwadai wakubwa wa jiji hesabu ambayo ni haki yako.

Mshitakiwa wetu si mgeni. Naitrojeni ni karibu sehemu nne katika tano za hewa unayovuta, na katika hali hiyo haina dhara. Bila yake hapana nyama mwilini, hapana jani mtini, wala hapana hindi shambani. Lakini kila kitu kina mahali pake: chumvi hupendeza mchuzini, ikaua mche bustanini. Mwili wa mtu huitumia naitrojeni ya chakula, kisha huitoa, na sehemu kubwa hutoka katika mkojo. Ikifika ardhini hugeuka kuwa amonia, na vijidudu vya udongo huigeuza amonia kuwa naitreti. Naitreti haina rangi wala harufu. Udongo hauwezi kuishika. Mvua inaposhuka, nayo hushuka pamoja na maji mpaka kisimani, mtoni na ziwani.

Shika kalamu, tuhesabu. Mtu mmoja hutoa yapata kilo 3 za naitrojeni kwa mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Nakuru ina watu zaidi ya 570,000. Zidisha, utapata zaidi ya tani 1,700 kila mwaka. Gunia la kilo 50 la mbolea ya urea lina kilo 23 za naitrojeni. Basi jiji hili hutoa kila mwaka naitrojeni ya magunia zaidi ya 74,000. Mkulima akipotewa na magunia mawili, hulala macho. Je, mji upotewao na magunia elfu sabini na nne, tena usiulize yamekwenda wapi, tuuite mji wenye akili?

Sehemu yake hupita Rhonda. Mtaa huu uko upande wa chini wa jiji, karibu na ua wa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Nyumba zake zimebanana. Wapangaji wengi hutumia choo kimoja cha shimo, na nyumba nyingi hazijaungwa na mabomba ya majitaka. Ardhi ya Nakuru ni ya majivu ya volkeno, nyepesi na yenye nyufa. Shimo la choo katika ardhi ya namna hiyo si ghala, ni chujio. Na ziwa lililo mbele halina mto utokao. Njoro, Makalia na Nderit huingia, hakuna unaotoka. Kinachofika humo hakipiti kwenda kwa jirani.

Zaidi ya hayo, ziwa lenyewe limepanda. Mwaka 2010 lilikuwa na eneo la yapata kilomita za mraba 40. Kufika mwaka 2020 lilikuwa limepita 60, na maji yake yamefika katika nyumba za watu upande wa Mwariki. Maji yaingiapo nyumbani huingia chooni pia. Basi kile ambacho jiji zima lilidhani limekitupa kimerudishwa, tena hakikurudishwa mlangoni pa wote waliokitoa, bali mlangoni pa maskini.

Atasema mmoja, “Watu wachemshe maji, yatosha.” Kuchemsha ni kwema, wala mtu asiache, maana huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini naitreti si kiumbe hai hata ife. Maji yapunguapo kwa mvuke, naitreti hubaki ile ile katika maji machache, yaani huzidi ukali. Klorini nayo haiiondoi. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly, wa jimbo la Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vyenye naitreti. Damu yao ilikuwa imeshindwa kubeba oksijeni sawasawa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji. Mama wa Rhonda achemshaye maji ya mwanawe amefanya yote aliyofundishwa. Namba hii hakufundishwa. Uliza pale unapojaza mtungi wako kama imepata kubandikwa ukutani, uone utakavyotazamwa.

Atasema wa pili, “Kosa ni la watu wa Rhonda wenyewe, ni wachafu.” Neno hili ni la dhuluma, na hesabu hulikanusha. Tajiri wa Milimani hutoa kilo zake 3 kama mpangaji wa Rhonda. Tofauti yao ni bomba, si tabia. Tena bomba haliifuti naitrojeni, huihamisha. Mabwawa ya kusafishia majitaka hupunguza uchafu mwingi, lakini hayamalizi naitrojeni yote, na maji yatokayo humo huelekea ziwa lile lile. Watu wa Rhonda, kwa upande wao, hawakukaa bure. Tangu mwaka 2012 mashirika ya Practical Action na Umande Trust yalifanya kazi pamoja na wenye nyumba na wapangaji wa Rhonda na Kaptembwa ili kuboresha vyoo. Anayeitwa mchafu amejitahidi kujenga. Anayemwita mchafu amepima nini?

Tena wako wabishanao. Wa mjini humlaumu mkulima wa juu, upande wa Njoro, kwa mbolea yake. Mkulima humlaumu wa mjini kwa vyoo vyake. Ubishi huu una dawa. Naitrojeni ni za aina mbili, moja nzito kidogo kuliko nyingine. Naitreti itokayo katika kinyesi na mkojo kwa kawaida huwa na sehemu kubwa zaidi ya ile nzito kuliko naitreti ya mbolea ya kiwandani. Katika maabara yenye vyombo, naitreti huulizwa asili yake ikajibu. Lakini shahidi asiyeitwa hasemi. Kumbuka vifo vya ndege heroe katika ziwa hili mwaka 1993 na 1995. Wataalamu walitaja madini mazito, sumu za mwani na maradhi, na wakahitilafiana. Kesi isiyo na kumbukumbu za mwezi hata mwezi hukosa ushahidi. Na penye ukosefu wa ushahidi, lawama humwangukia mnyonge.

Atasema wa tatu, “Kupima ni anasa ya nchi tajiri.” Kumbe kipimo cha kwanza cha naitreti ni kipande cha karatasi kibadilicho rangi kikichovywa katika maji! Hakishindi vipimo vya maabara, lakini hutosha kuonyesha kisima kipi kichunguzwe mbele ya vingine. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji. Jina hilo ni deni kwa watu wake. Nayo Katiba ya mwaka 2010 imeandika: ibara ya 42, haki ya mazingira safi, ibara ya 43, haki ya maji safi na salama ya kutosha, ibara ya 35, haki ya raia kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Anayepima akaficha ameivunja ya tatu. Asiyepima kabisa amezidharau mbili za kwanza.

Basi madai yetu ni mepesi kueleweka. Maji ya visima vya Rhonda, ya mto Njoro juu ya jiji na chini yake, na ya ziwa, yapimwe kila mwezi. Namba zibandikwe ofisini kwa chifu, zahanatini na shuleni, kwa lugha ambayo muuza maji na mnunuzi wake wanaisoma. Kisima kilichopita kikomo kiandikwe kuwa si cha watoto wachanga, na watu wake wapelekewe maji mengine kabla ya kulaumiwa.

Nawe, kijana, usingoje ukubwa. Umejifunza kuzidisha na umejifunza kemia. Elimu hiyo haikutolewa kwa ajili ya mtihani peke yake. Mwombe mwalimu wako mpime maji mnayokunywa shuleni. Andikeni namba na tarehe, mwezi kwa mwezi, msiruke hata mmoja. Kisha iandikieni serikali ya kaunti barua ya adabu, mtaje ibara ya 35, mwombe namba zao mzilinganishe na zenu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Namba ikiwa ndogo, mama wa Rhonda atalala usingizi. Ikiwa kubwa, wakubwa wa jiji wasilale.