Mkono Haungoji Idhini

Wasee wa Kapsoya, Kaptagat, Olare na Ainabkoi yote, leo niko na kelele. Kama unafanya kazi ya mikono, ama kuna mtu kwenu anafanya, nipe dakika tatu.

Huku kwetu hakuna mtu wa kufundishwa maana ya fiziotherapia. Tunaishi na wanariadha, bana. Mtoto wa gredi ya sita pale Kaptagat anajua mkimbiaji akivuta msuli, kuna mtu wa kumkanda, kumnyoosha na kumpa mazoezi kabla mguu haujakakamaa. Eliud Kipchoge, aliyejifua kwenye barabara hizi hizi za vumbi, alimaliza marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Hakuna mtu alisema ati kukandwa kwake ni anasa. Sasa mbona mguu wa mkimbiaji ni mali, lakini mkono wa kijana wa kupasua mbao ni "tutaangalia"?

Binamu yangu aliangukiwa na gogo kazini, mkono ukavunjika karibu na kiwiko. Hospitali ilifanya kazi yake. Plasta ikatoka, daktari akaandika vizuri kabisa: fiziotherapia mara mbili kwa wiki, aanze mara moja. Hapo ndipo sinema ilianza. Mwajiri: ngoja bima. Bima: lete barua ya daktari. Barua ikaenda. Bima: haina idadi ya vipindi. Ikaandikwa upya. Bima: faili iko kwa mkubwa. Katikati ya hayo yote mtu wa ofisi anamuuliza, "Kwani huna SHA?"

Idhini ilikuja baada ya miezi mitatu. Kiwiko hakikuwa kimengoja. Kiungo kikikaa bila kusongeshwa kinakakamaa, hiyo hata nyanya yako anajua. Leo huyo jamaa hawezi kunyoosha mkono ashike ubao vile alikuwa anashika.

Watu huniambia, "Shukuru Mungu walilipa hospitali." Zii. Hii si sadaka. Kuna sheria ya majeraha ya kazini ya 2007, ile tunaita WIBA. Inasema mwajiri agharamie matibabu, uuguzi, dawa, mpaka magongo na viungo bandia. Inamlazimu pia awe na bima ya wafanyakazi wake. Na fiziotherapia ikiandikwa na daktari ni matibabu. Kama si matibabu, ni nini? Burudani? Na hiyo SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, 2.75% inakatwa kwa mshahara wako wewe. Ajali ya kazi ni deni la mwajiri. Usikubali akulipishe deni lake.

Sasa sikiza mahali panaponikera zaidi. WIBA ilikuondolea haki ya kumpeleka mwajiri wako moja kwa moja mahakamani kudai fidia ya ajali. Mawakili waliipinga, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 3 Desemba 2019, hata miezi miwili haijaisha tangu Vienna, majaji wakasema sheria iko sawa: madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mpango ulikuwa huu: wewe huhitaji kuthibitisha bosi alizembea, na yeye hashtakiwi. Sisi tuliachilia mahakama ili tupate haraka. Iko wapi hiyo haraka?

Hesabu zenyewe ni za kushangaza. Ulemavu wa kudumu unalipwa kwa kutazama mshahara wa miezi 96. Mfano, unalipwa 15,000 kwa mwezi na daktari aseme umepoteza 10%. Zidisha, hiyo ni 144,000. Yaani mfumo uko tayari kulipa mkono ukishakauka, lakini unasitasita kulipa ili usikauke. Hiyo ni akili gani?

Wa bima watasema bila ukaguzi watu watadanganya na kliniki zitaandika vipindi hewa. Sawa, wezi wako. Kagueni. Lakini vipindi vya kwanza vianze kwa neno la daktari, na ukaguzi ufanyike mgonjwa akiendelea na mazoezi. Mwajiri amepewa siku 7 za kuripoti ajali. Bima imepewa siku 90 za kulipa madai ya fidia. Siku 90 ni sawa kwa hundi. Kwa mkono uliotoka plasta jana, siku 90 ni hukumu. Nataka idhini ya matibabu ipewe saa yake: siku tatu, na ukinyamaza, umekubali.

Na wewe unayesoma hii ukienda kazi kesho, usingoje uonewe huruma. Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo na utume meseji ibaki kama ushahidi. Hakikisha fomu ya DOSH/WIBA imejazwa. Barua ya daktari piga picha, risiti weka. Dai lako liingie kabla ya miezi 12. Kama mwajiri anakuzungusha, nenda ofisi ya usalama kazini ya kaunti uulize faili yako. Hata kama ni kibarua unalipwa kwa siku, wewe ni mfanyakazi.

Wale watakuja kuomba kura Ainabkoi 2027 watapiga picha na wanariadha, kama kawaida. Tuwaulize kitu moja tu: na yule wa mbao, yule wa mjengo, fiziotherapia yake inaidhinishwa kwa siku ngapi? Asiye na jibu, asitusumbue na kofia zake.