Kupenya hadi kikapuni: Tuwapime vijana wetu kwa lipi?

HAPA Troyeville, Johannesburg, tunapoandikia tahariri hii, ni mwendo mfupi tu kwa miguu hadi Ellis Park, ambako Agosti 1, 2015 NBA ilicheza mechi yake ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Timu ya Dunia iliifunga Timu ya Afrika 101-97. Tangu siku ile hatujaacha kupokea swali lile lile kutoka kwa wazazi wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo wenye vijana warefu: je, mwanangu anaweza kufika huko?

Urefu hauhitaji mtaalamu, kila mwenye macho anauona. Jambo gumu, ambalo hata klabu zenye mamilioni hulikosea, ni kujua kama ujuzi anaouonyesha kijana akiwa chuoni utamfaa atakapoingia katika ligi ya kulipwa. Katika hilo hakuna mfano ulio karibu nasi kuliko wa ndugu yetu Hasheem Thabeet.

Mwaka 2009, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa akizuia wastani wa mitupo 4.2 kila mechi. Lakini Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis ilimpeleka ligi ya chini.

Hatusemi haya kumbeza. Kijana aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, akacheza zaidi ya mechi 200 za NBA, anastahili heshima yetu sote. Tunachouliza ni kitu gani waliomchagua hawakukiona.

Jibu limo katika sheria. Katika mchezo wa vyuo vya Marekani mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote, akimsubiri yeyote anayepenya na mpira amfuate pale pale. NBA, tangu msimu wa 2001-02, inamkataza kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu kama hamlindi mtu kwa karibu. Eneo lenyewe nalo ni pana zaidi: mita 4.88, wakati la vyuo ni mita 3.66. Kwa hiyo mlinzi mrefu analazimika kutoka nje, mbali na kikapu, akabiliane na vijana wepesi wanaomjia kwa kasi. Urefu haukupungua, bali uwanja ndio uliobadilika.

Hali hiyo hiyo inamnufaisha yule anayepenya. Chuoni anakuta msongamano. NBA anakuta nafasi, ingawa mwisho wa njia wapo walinzi warefu na wepesi kuliko aliowazoea. Tazameni waliochaguliwa baada ya Thabeet mwaka ule ule. Wa nne alikuwa Tyreke Evans, aliyesoma Chuo Kikuu cha Memphis, yaani katika mji wenyewe wa Grizzlies. Alipenya kwa nguvu za mwili, akapata wastani wa pointi 20.1 na tuzo ya mchezaji bora chipukizi mwaka 2010. Hata hivyo, hakuwahi tena kufikisha wastani huo, kwa sababu mtupo wake wa mbali haukutisha na walinzi walijifunza kurudi nyuma wakamsubiri.

Wa tatu alikuwa James Harden wa Arizona State. Huyu hakusifika kwa mbio. Alijua kupunguza mwendo, kusimama ghafla na kumfanya mlinzi afanye faulo, na kwa miaka kadhaa aliongoza NBA kwa mitupo huru iliyoingia. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi.

Fundisho ni kwamba kasi na nguvu vinavuka haraka, lakini havikui peke yake. Anayemtazama kijana akipenya asihesabu vikapu tu. Ajiulize: anaweza kwenda kulia na kushoto, au mkono mmoja ndio unaofanya kazi? Anaweza kusimama katikati ya safari? Walinzi wawili wakimfuata, anamwona mwenzake aliyeachwa wazi? Na mitupo huru, ambapo hakuna wa kumzuia, anaingiza mingapi? Asiyeiingiza huachwa apenye na kuchezewa faulo bila hofu.

Kwa nini tunayaandika haya? Kwa sababu katika viwanja vyetu, kuanzia Don Bosco Upanga hadi huku ughaibuni, kijana mrefu bado anaambiwa asimame chini ya goli na ainue mikono, na kudunda mpira kunaachiwa wafupi. Giannis Antetokounmpo, aliyeichezea Timu ya Afrika pale Ellis Park, ana zaidi ya mita 2.1 na anapenya kama mtu mfupi. Alikuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2019 na 2020. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwenu wazazi, atakapokuja mtu anayejiita wakala, akampima mwanenu kwa futi na kutaka pesa za safari kabla hajamwona akicheza hata mechi moja, msiuze kiwanja. Mwambieni aje uwanjani kwanza. Na hakikisheni kwamba shule anayoahidiwa ni shule kweli, kwani wengi wa wanaocheza vyuoni hawafiki NBA, na cheti ndicho kitakachobaki mkononi.