Moto Usiozimwa Barabara

Kila mwaka, tangu Januari hata Machi, nyasi za Ruiri hukauka kama karatasi, na ndipo wengi wetu hulala nje: mchungaji, mrina asali, na vijana wapigao kambi. Alfajiri mtu humwagia majivu chai iliyobaki, akaenda zake akidhani amezima.

Ndugu msomaji, jivu ni blanketi la kaa. Juu ni baridi, chini moto ungali hai. Msituni ni vibaya zaidi, kwa kuwa udongo wa majani yaliyooza huungua polepole chini kwa chini, pamoja na mizizi, mpaka upepo uvume. Wala kufukia kwa udongo tu hakufai. Ndivyo mama zetu wanavyohifadhi kaa usiku!

Oktoba 2020 moto ulizuka Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, wapumzikapo wageni. Wakuu wa hifadhi walieleza kuwa wapagazi walikuwa wakipasha chakula. Hapakuwa na nia mbaya, ila chakula tu, na mlima ukaungua siku nyingi. Mlima Kenya nao uliungua Machi 2012.

Basi mwagia maji, koroga majivu kwa kijiti, mwagia tena mpaka mchemko unyamaze, kisha gusa kwa mgongo wa mkono. Ukisikia joto, hujazima. Maji kwetu ni ya shida, najua. Kwa hiyo mtu na atenge kibuyu kimoja kabla ya kuwasha kiberiti. Asiyekuwa nacho, na ale chakula baridi.