Visahani vya Kihispania Mezani Manila

Mgeni aingiaye kwa mara ya kwanza katika mkahawa wa Kihispania jijini Manila, nchini Ufilipino, hupatwa na mshangao mara aletewapo chakula. Ameagiza chakula cha jioni. Analetewa kisahani chenye vipande vinne vya mkate vilivyopakwa nyanya, kibakuli cha zeituni, na kijungu cha udongo ambamo kamba sita wangali wakitokota katika mafuta, vitunguu saumu na pilipili. Hutazama huku na huku akidhani kwamba chakula chenyewe kinafuata. Hakifuati. Hicho ndicho chakula, na jina lake ni tapas.

Neno tapa kwa Kihispania maana yake ni kifuniko. Husimuliwa kwamba hapo kale wenye vilabu vya mvinyo kusini mwa Hispania walifunika bilauri ya mteja kwa kipande cha mkate au cha nyama ili nzi wasiingie; mteja akanywa, kisha akala kifuniko. Wengine humtaja mfalme huyu au yule kuwa ndiye mwanzilishi, lakini wafalme husingiziwa mambo mengi, na ushahidi hakuna. Lililo hakika ni kwamba Mhispania hali tapas kwa kushiba. Hula akiwa wima, kisahani kimoja hapa, kingine klabu cha pili, akizungumza na rafiki zake huku akingojea chakula cha usiku, ambacho kwao huliwa saa tatu au hata saa nne. Mjini Granada vilabu vingi hata leo humpa mnywaji kisahani bila malipo. Huko San Sebastián, upande wa kaskazini, vitafunio huchomwa kijiti juu ya mkate, na mahali pengine mwenye klabu huhesabu vijiti vilivyobaki ili ajue mteja anadaiwa nini. Ni hesabu imtakayo mteja awe mwaminifu.

Manila watu huketi. Familia nzima huizunguka meza, visahani huwekwa katikati, na kila mmoja huchota. Wafilipino hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo, kwani wanayo desturi yao ya pulutan, yaani vitafunio vya kudonoa pamoja na kinywaji. Lakini kwao mlo usio na wali si mlo. Vyote vingine huitwa ulam, ambayo ndiyo maana ya kitoweo kwa Waswahili. Na msomaji aliyekua kwa ugali ataelewa bila kuelezwa zaidi kwa nini wengi hutoka katika mikahawa hiyo wakiwa wamefurahi, na bado wana njaa.

Wahispania si wageni katika jiji hilo. Walianza makazi yao visiwani mwaka 1565, na mwaka 1571 Miguel López de Legazpi aliifanya Manila kuwa makao makuu baada ya Wahispania kuutwaa mji kutoka kwa Rajah Sulayman, mtawala Mwislamu. Waislamu wa visiwa hivyo wakawaita Moros, jina lilelile walilowapa Waislamu waliofika Hispania mwaka 711 na ambao dola yao ya mwisho huko, Granada, ilianguka mwaka 1492. Utawala wa Wahispania ulikoma mwaka 1898, lakini jikoni haukukoma. Neno tapa lenyewe lilibaki, likabadili maana: kwa Mfilipino ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi au sosi ya soya, siki na saumu, kisha ikakaangwa. Huliwa asubuhi kwa wali wa kukaangwa na yai, na mlo huo huitwa tapsilog. Basi aombaye tapa mtaani Manila asishangae akiletewa kifungua kinywa.

Hata msomaji wa Kiswahili hakosi ndugu katika orodha ya vyakula. Meza ni neno lililoletwa pwani na Wareno, na Wafilipino husema mesa kwa kulipata kwa Wahispania. Aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani, azúcar ni sukari. Yote ni maneno ya Kiarabu yaliyosafiri pande mbili. Askari atapenda zaidi albóndigas, yaani vidonge vya nyama ya kusaga katika mchuzi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kokwa au kidonge cha mviringo, na kutoka shina hilohilo lilipatikana neno bunduki.

Udugu wa maneno, hata hivyo, haumlindi mtu asiyekula nguruwe. Katika jiko la Kihispania nyama hiyo hujificha mahali isipotazamiwa. Jamón na chorizo hujulikana upesi. Lakini croquetas, ambazo kwa macho ni kama katlesi, mara nyingi huwa na jamón ndani yake, na mchuzi wa dengu au wa mbaazi kubwa huweza kuwa umepikwa pamoja na chorizo. Uyoga na kamba nao pengine hutiwa mvinyo. Kusoma jina la chakula hakutoshi. Ni lazima kuuliza kabla ya kuagiza, na kuuliza pia kuhusu mafuta na kikaango, bila haya yoyote, kwa maana mhudumu wa Manila amezoea swali hilo: Waislamu ni raia wa jiji lake, na Msikiti wa Dhahabu wa Quiapo umesimama tangu mwaka 1976.

Jambo la pili ni mfuko. Bei ya kisahani kimoja humdanganya mtu kwa udogo wake. Baba aliyealika wageni watano, kila mmoja akaambiwa achague visahani vitatu, atakuta visahani kumi na vinane mezani pamoja na vyake mwenyewe; na mkewe ndiye atakayejua mwezi huo utaishaje. Kuna pia kodi ya asilimia 12, na mara nyingi ada ya huduma ambayo kwa kawaida ni asilimia 10. Ada hiyo, kwa sheria ya mwaka 2019, ni haki ya wafanyakazi yote, wala mwenye mkahawa hachukui sehemu. Mwenye busara huagiza visahani viwili au vitatu kwanza, hula, kisha hufikiri. Akiwa na watoto, huagiza mapema sufuria moja ya paella, wali wa zafarani, kwa kuwa huchukua nusu saa na zaidi kuiva.

Kimoja katika visahani hivyo kinaweza kupikwa kambini bila gharama, nacho ni tortilla ya Kihispania. Wapenzi wa chipsi mayai watasema wanaijua; si hivyo kabisa. Chukua viazi nusu kilo, kitunguu kimoja na mayai sita. Menya viazi, kata vipande vyembamba, uvipike pamoja na kitunguu katika mafuta mengi, kwa moto mdogo, muda wa dakika ishirini hivi, mpaka vilainike bila kugeuka rangi. Haraka ndiyo iharibuyo chakula hiki. Chuja mafuta, uyahifadhi. Changanya viazi na mayai yaliyopigwa na chumvi, uache kidogo, kisha umimine katika kikaango chenye mafuta kidogo. Upande wa chini ukishikana, funika kwa sahani, pindua kwa mkono usiositasita, na urudishe upande wa pili.

Huliwa ikiwa moto au ikiwa imepoa. Wahispania huikata kipande, wakakitia ndani ya mkate na kwenda nacho kazini. Na aliye na zamu ya lindo la alfajiri anaweza kufanya vivyo hivyo.