Jedwali la Ubaoni

Kwa miaka mingi niliwahubiria wanachuo wa ualimu kanuni moja: mtoe mwanafunzi kwenye analolijua, umpeleke kwenye asilolijua. Sikuwahi kuionea shaka, hadi siku nilipoketi nyuma ya darasa la watu wazima, waandishi wa programu za kompyuta wenye uzoefu, waliokuwa wakifundishwa lugha ngeni kwao iitwayo Rust. Mjukuu wangu, mmoja wao, alitaka nimkague mwalimu wao kama nilivyowakagua walimu wa mazoezi.

Mwalimu alichora jedwali ubaoni. Kushoto aliweka Java, lugha waliyoizoea, kulia, Rust. Hili huandikwa hivi, lile huandikwa vile. Wanafunzi wakanakili kwa furaha. Ilipofika saa sita, furaha iliisha. Kompaila, yaani programu inayokagua maandishi na kuyafasiri kwa ajili ya mashine, iliwakatalia karibu kila kitu.

Kisa nini? Katika Java, orodha moja yaweza kuwa na majina mawili, nawe ukayatumia yote, kwa kuwa yupo mfagizi anayeondoa kumbukumbuni kila kisichotumika tena. Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, haina mfagizi huyo. Kwa hiyo kila orodha ina mwenyewe mmoja tu, nayo huondolewa muda wake unapokwisha. Ukimkabidhi mwingine, wewe huna tena, kama mtu aliyekwisha kuuza shamba.

Huo ndio moyo wa lugha hiyo, na jedwali halikuwa na nafasi ya kuuweka. Basi wale vijana wakawa wanatoa nakala ya kila kitu ili kompaila inyamaze. Programu zikakubalika, nao wakaenda zao wakiandika Java kwa maneno ya Rust. Kweli, mazoea yana taabu!

Nasema wazi: huko si kufundisha. Watetezi wake watasema ati mtu mzima ana haraka na jedwali humpunguzia kazi. La hasha! Muda uliookolewa asubuhi ulipotea wote mchana.

Edsger Dijkstra, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Texas, aliliona jambo hili. Mwaka 2001 aliwaandikia wajumbe wa baraza moja la chuo hicho, akipinga lugha ya Haskell isiondolewe katika somo la mwanzo na kuwekwa Java. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba wanafunzi wengi huja wamekwisha kuonja programu, na lugha iliyo ngeni huwaonyesha kuwa kazi hii ina mengi wasiyoyadhania. Kwake, ugeni ulikuwa faida.

Je, kanuni yangu ni ya uongo? Hapana, ila niliifundisha nusu. Mwalimu yule angeanza na mfagizi, wanayemjua sana, kisha angewauliza: akiondoka, nani atafagia, na lini? Wangeihitaji sheria ya Rust kabla ya kuambiwa ipo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali zito. Ni walimu wangapi niliowapa alama za juu kwa sababu tu ya majedwali kama lile?