Kabla hujanunua msumeno, jua mabanzi yatakwenda wapi

Jumamosi moja miezi michache iliyopita nilikuwa nyumbani kwangu Kawangware nikifua mashati yangu ya kazini, mpwa wangu alipobisha mlango. Alikuwa amevaa vizuri kuliko kawaida yake, na mkononi alibeba mkate na pakiti mbili za maziwa. Msomaji, ukimwona kijana wa mjini amekuja kukutembelea na mkate bila kuitwa, jua pana jambo.

Jambo lenyewe halikuchelewa. Baada ya shikamoo na habari za watoto, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mjomba, nataka kununua mashine ya kupasua mbao," akaniambia. "Nimepata ya mkono wa pili, na mwenyewe anarudi mashambani. Mkopo nitapewa. Kinachobaki ni mdhamini tu."

Mdhamini, kama umekwisha kung'amua, ni mimi. Akiba yangu katika chama cha ushirika cha kazini ndiyo ingewekwa dhamana, na akiba hiyo hiyo ndiyo karo ya binti yangu anayetarajia kuingia chuo kikuu mwaka ujao. Sikumkatalia, wala sikumkubalia. Nilimwambia tuondoke twende Makina kwa mama yake, tukalizungumze jambo hilo palipo na kuni zenyewe.

Dada yangu ameuza kuni na makaa pale Makina, Kibera, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wateja wake ni wapika chapati na githeri, wenye vijihoteli vya kando ya njia, na watu wa harusi na matanga, maana sufuria ya pilau ya watu mia mbili haipikwi kwa mtungi mdogo wa gesi. Kwa kuni hizo amesomesha watoto watatu, na huyu mwenye karatasi ndiye kitinda mimba.

Tulishika njia kwa miguu kupitia Ngong Road. Kando ya barabara, mafundi walikuwa wametandaza vitanda, makabati na makochi yasiyovikwa vitambaa bado. "Unaona, Mjomba?" mpwa wangu alinena kwa furaha. "Hawa wote wanataka mbao."

Nilimjibu kwamba kutaka mbao ni kitu kimoja, na kulipia mbao ni kingine. Amewahi kuwauliza wananunua wapi, na hulipa siku gani? Akanyamaza. Alikuwa amewahesabu mafundi, hakuwa amezungumza nao.

Tulipokaribia Makina nilimkumbusha jambo ambalo vijana wengi wa Kibera hawajui. Jina la mtaa wao linatokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles walianza kukaa hapo mapema katika karne iliyopita, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Wakati huo aliyetaka kuni aliinama akaziokota. Leo kipande cha kuni kinacholiwa na moto Makina kimesafiri kwa lori kutoka mashamba ya mikaratusi na misipresi ya nyanda za juu, na kila kilomita ya safari hiyo imo katika bei.

Na si umbali peke yake. Mwenye mashine ya mbao anategemea pia amri za serikali. Mwaka 1999 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa kampuni chache kubwa, na wapasuaji wengi wadogo wakafunga milango. Februari 2018 marufuku nyingine ikatangazwa, kwanza kwa siku 90, kisha ikaongezwa na kuongezwa tena. Ni Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza mjini Molo kwamba imeondolewa, na papo hapo suala hilo likafikishwa mahakamani. Katika miaka hiyo aliyesalia sokoni ni yule aliyenunua miti ya mashamba ya watu binafsi, au mbao kutoka Tanzania. Anayekopa leo na ajiulize: ikitoka amri nyingine kesho, nitapasua nini, na mkopo nitaulipa na nini?

Dada yangu tulimkuta akipanga kuni. Aliisoma karatasi ya mwanawe polepole, akairudia, kisha akauliza swali moja tu: "Na mabanzi umeyaandika wapi?"

Hayakuwamo. Mpwa wangu alikuwa ameandika bei ya gogo, akaandika bei ya mbao za inchi mbili kwa nne, akatoa moja kwa nyingine, tofauti akaiita faida. Ni kosa la wengi. Gogo ni duara na mbao ni pembe nne. Pande zile za nje zenye magome, ndizo mabanzi, hukatwa na kuwekwa kando. Kisha msumeno wenyewe hula. Ukiwa na msumeno wa duara ambao mkato wake una upana wa robo inchi, kila mikato minne imekula inchi nzima, yaani ubao mmoja wa inchi moja umegeuka unga. Katika mashine ndogo, mara nyingi chini ya nusu ya gogo ndiyo hutoka ikiwa mbao. Iliyobaki ni mabanzi na unga, nayo ulilipia bei ya gogo, ukalipia lori, ukalipia na stima ya kuikata.

Kwa hivyo mpasuaji mdogo hafi kwa kukosa kuuza mbao. Hufa kwa kutupa nusu nyingine. Anayedumu ameshajua mabanzi mazuri yatakwenda kwa mwenye kujenga ua au kibanda, vipande vifupi vitakwenda kwa muuza kuni, na unga utakwenda kwa wafugaji wa kuku wa kutandika bandani na kwa wenye majiko ya unga wa mbao. Majiko hayo wazee wetu wanayajua: unasimamisha chupa katikati ya kopo, unashindilia unga pande zote, kisha unachomoa chupa taratibu na kuwasha kwa chini. Likishindiliwa vizuri huivisha maharagwe bila kuongezwa kitu.

Hapo dada yangu aliokota vipande viwili vya kuni akavigonganisha. Vililia kwa sauti kali, kama vikombe. Akachukua vingine viwili kutoka mzigo ulioletwa juzi, akavigonganisha. Vikatoa mlio mzito wa kufifia. "Hizi za pili ni maji," alisema. Hakutia chumvi. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Moto wa kuni mbichi hufanya kazi ya kukausha kwanza ndipo upike, na moshi wake ndio unaowatoa mama zetu machozi na kuwaziba vifua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni huchangia vifo takriban milioni 3 duniani kila mwaka. Kwa sababu hiyo dada yangu hununua kuni nyingi Januari na Februari jua likiwa kali, anazipasua, anazipanga kwa kupishana upepo upite, kisha anazifunika juu tu. Mvua ya masika ikianza, wengine wanauza moshi, yeye anauza moto.

Alitaja masharti yake mengine, nami nayaandika hapa kwa faida ya kila nyumba. Debe lake la makaa halijabonyezwa kitako. Hauzi vipande vya nguzo zilizotiwa dawa wala mbao za rangi kuwa kuni, kwa kuwa moshi wake una sumu na chakula kiko juu yake. Na kila anayemuuzia makaa wakati wa baridi humkumbusha asilale na jiko chumbani milango ikiwa imefungwa. Gesi inayotoka humo haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Mpwa wangu alisikiliza mpaka hapo, kisha uvumilivu ukamwisha. "Mama, wewe unataka niwe muuza kuni mpaka lini? Shuleni waliniita Moshi. Mimi nataka mashine."

Palinyamaza. Mteja aliyekuwa akichagua kuni alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Dada yangu hakufoka. Aliingia ndani, akatoka na daftari kubwa lililochakaa pembe, akampa. "Soma ukurasa wa nyuma kwanza," alimwambia.

Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa madeni. Majina mengi yalikuwa yamepigwa mstari, na kando yake neno moja tu: amehama. Mwenye hoteli aliyechukua kuni kwa miezi minne akafunga usiku. Kamati ya harusi iliyoahidi kulipa Jumatatu. Kisha, upande wa pili, madeni ya dada yangu mwenyewe kwa mwenye lori, na moja lilikuwa na jina la kijana huyu: ada yake ya mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa amechukua mzigo mzima kwa mkopo, akauuza kwa bei ya hasara kwa siku mbili ili apate pesa taslimu, na deni akalilipa kwa mwaka mmoja na nusu. Kijana hakuwa anajua. Niseme kweli, nami sikuwa ninajua, na ni dada yangu.

Baada ya hapo tulizungumza kama watu wazima. Niliuliza mashine itafungwa wapi. Mashine ya kupasua hufungwa kwa nati kwenye sakafu ya saruji, hutaka stima ya uhakika, na haihami kwa mkokoteni. Julai 2018 sote tuliona nyumba nyingi za Kibera zikibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipata hatimiliki ya pamoja ya ekari 288 baada ya kungoja kwa karibu karne nzima, lakini mpangaji wa kibanda hana hati mfukoni. Kuni za dada yangu zinaweza kuondolewa kwa asubuhi moja. Mashine ya mkopo je?

Niliuliza pia habari za kinga. Mashine nyingi za mitaani zimetolewa kifuniko cha msumeno ili kazi iende mbio, na mpasuaji asiye na vidole vyote si kitu cha ajabu kwetu. Hata vumbi lenyewe si la mchezo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1995. Kitambaa cha pua na mdomo na mlango ulio wazi havigharimu mkopo.

Mwisho dada yangu alitoa uamuzi, maana pale mwamuzi alikuwa yeye. "Ndugu yangu, usimpe dhamana. Na wewe mwanangu, sikukatazi mbao. Nenda ukafanye kazi kwa mwenye mashine miezi sita. Nunua mabanzi yake uniletee, na unga utafute wa kuuuzia. Andika kila siku, iliyoingia na iliyotoka. Tukimaliza, tutasoma daftari lako, hatutasoma hiyo karatasi."

Alikubali, lakini kwa uso uliokunjamana. Mashine ile ilinunuliwa na mtu mwingine baada ya wiki mbili, na kwa muda mpwa wangu hakufika kwangu, na mkate wala bila mkate. Nilikuwa na usiku kadhaa wa kujiuliza kama tumemwokoa au tumemkatia tawi. Mzazi anayesoma makala haya ananielewa. Ukimdhamini kijana akaanguka, umemtia kitanzi na wewe umo ndani yake. Ukikataa, huenda mlango uliokuwa wake umeufunga wewe. Kipimo nilichopata Makina ni hiki: usiangalie bei ya mashine, angalia kama mwenye kuomba ameshashika kazi yenyewe kwa mikono, anawajua wateja kwa majina, na anajua kila kitakachobaki kitakwenda wapi. Kama hayajui hayo, mpe muda kabla hujampa dhamana.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, mkitaka kuanzisha lolote, liwe la mbao, la nguo au la kinyozi, anzeni na daftari la senti ishirini kabla ya mashine ya laki. Na kabla ya kumwona mzazi wako ana biashara ya aibu, omba akuonyeshe ukurasa wa nyuma.

Juzi Alhamisi, simu yangu ililia saa mbili usiku. Ulikuwa ujumbe wa mpwa wangu, wa kwanza tangu siku ile: "Mjomba, shikamoo. Mabanzi ya wiki hii yamekwisha yote. Unga ndio umebaki magunia saba, sijui niupeleke wapi."

Nilimjibu kwamba hapa Kawangware nawajua wafugaji wa kuku watatu, aje Jumapili tuwatembelee. Mkate, nilimwambia, nitanunua mimi.