Kanumba Alikufa Mara Moja Tu

Kila inapokaribia tarehe 7 Aprili, simu zetu hapa Nachingwea huanza kupokea tena picha zilezile za jeneza na umati wa watu uliojaa viwanja vya Leaders. Chini ya picha huwa kuna maneno yaleyale: Steven Kanumba alitolewa kafara, aliuza roho yake kwa Freemason, na muda wake ulipofika wakaja kuidai. Ukienda Ruangwa wiki hiyohiyo utayakuta stendi, yakisimuliwa na vijana ambao mwaka 2012 walikuwa bado hawajaanza shule.

Ndugu msomaji, mimi naona habari hii imetudhulumu sote, na aliyedhulumiwa zaidi ni marehemu.

Yanayojulikana yanaeleweka vizuri. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, akazikwa Kinondoni Jumanne ya Pasaka. Madaktari walieleza habari ya ubongo ulioumia. Kesi iliendeshwa miaka mitano na zaidi, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani msanii mwenzake, Elizabeth Michael, kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Usiku ule alikuwa binti mdogo mno. Adhabu aliyopewa ameimaliza, na sioni kwa nini sisi tuendelee kumhukumu kila mwezi wa nne.

Katika maelezo hayo yote hakuna mahali pa Freemason. Walitoka wapi basi?

Nadhani walitoka kwenye filamu. Mwaka 2011 Kanumba alitoa *Devil Kingdom*, akicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria, filamu inayogusa mambo ya utajiri na nguvu za giza. Ilitoka wakati ambapo neno Freemason lilikuwa midomoni mwa kila mtu nchini, na kila mwenye gari zuri alitiliwa shaka. Miezi michache baadaye aliyeicheza akafariki ghafla, kijana, maarufu, hana hata ugonjwa wa kusingizia. Watu wakaunganisha. Alichokiigiza mbele ya kamera kikageuzwa kuwa maisha yake.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma yenyewe. Kazi ya mwigizaji ni kuvaa mtu asiye yeye, akakufanya umwamini kwa saa moja na nusu, kisha akamvua. Anayecheza mlevi vizuri si lazima awe mlevi. Kanumba aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi wa rika lake, na malipo yake yamekuwa kwamba tumekataa kumvua nguo alizovaa kazini. Katekisimu inapofundisha amri ya nane inataja pia kumchafulia mtu jina. Sijaona mahali panaposema kwamba amri hiyo inaisha makaburini.

Tukumbuke tulivyomfahamu huku kusini. Wengi wetu tulimwona kwanza kwenye michezo ya Kaole iliyoonyeshwa ITV, kwa waliokuwa na televisheni na antena iliyokubali. Baadaye zikaja sidii, halafu DVD, na vibanda umiza vikajaa: mabenchi, jenereta linalonguruma nje, televisheni moja juu ya meza, na mtoto mlangoni anakusanya sarafu. Msimu wa korosho pesa zikiwepo, mwenye kibanda alileta mzigo mpya. Filamu za Wamarekani na za Wachina zilihitaji mtu wa kututafsiria, naye alitafsiri apendavyo. Za Kanumba tulizielewa wenyewe, hata kama majina yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. (Kwa nini filamu ya Kiswahili iitwe *This Is It* sijawahi kuelewa, ila tulizinunua hivyohivyo, na bibi zetu walizitamka walivyoweza.)

Na hakuwa mtu wa sura moja. Mwaka 2006 alikwenda kucheza na Wanigeria katika *Dar to Lagos*, wakati wasanii wetu wengi hawajafikiria kuvuka mpaka. Katika *Oprah* ya mwaka 2008 alikuwa mtu wa mapenzi na kisasi, pamoja na Ray na Irene Uwoya. Miaka miwili baadaye, katika *Uncle JJ*, aliweka kando umaridadi wa mjini akacheza na watoto, akachekesha bila kujidhalilisha. Mtu aliyetoka kutetemeka kwa hasira katika filamu moja alikuwa anapiga magoti kucheza na mtoto katika nyingine, nawe hukukumbuka kuwa ni yuleyule. Akilia, ulisikia kibanda kizima kimenyamaza, hata wale waliokuja kwa ajili ya kelele. Sisemi filamu zake zote zilikuwa nzuri. Nyingine zilitengenezwa haraka mno, sauti inapotea, hadithi inakatwa katikati ili kuuzwa sehemu ya pili. Lakini yeye mwenyewe mara chache alikuwa ndiye udhaifu wa filamu.

Wengine walimfuata upesi. Sharo Milionea alikufa kwa ajali ya gari Muheza Novemba 2012, Sajuki akafariki Januari 2013 baada ya kuugua, Adam Kuambiana Mei 2014. Kila mmoja tulimlilia, tukamtafutia mchawi, tukaendelea.

Kazi zenyewe ziko wapi leo? Hili linanisumbua kuliko uvumi. Muulize kijana anayesimulia habari ya kafara amtaje Kanumba katika filamu tatu. Mara nyingi hata moja hawezi. Mafundi wa simu pale sokoni wanaojaza filamu kwenye memori kadi watakujazia za Wakorea mpaka kadi ijae. Za Kanumba wanazo vipande vipande, picha imefifia, mwisho haupo. Vibanda vingi sasa ni vya mpira. DVD zilizobaki majumbani zimekwaruzwa, nyingine zimetundikwa shambani kufukuza ndege, na deki zimekufa kwa vumbi na umeme unaokatika. Tulikuwa na mtu mwenye kipaji kikubwa, ushahidi wa kipaji hicho unaoza kwenye makabati yetu, na kilichobaki kikiwa kizima ni hadithi ya uongo juu ya kifo chake.

Serikali inayo Bodi ya Filamu, na zipo sheria za hakimiliki. Wao wana sehemu yao katika kutunza filamu hizi na kuhakikisha familia za wasanii zinapata haki yao zinapoonyeshwa. Sisi tusiwasubiri. Parokia zetu zina kumbi, na baadhi zina projekta inayotumika kwenye semina za ndoa. VIWAWA wa Nachingwea na wenzao wa Ruangwa wanaweza kupita nyumba kwa nyumba wakauliza nani bado anayo filamu halisi ya Kanumba, ikatazamwa kwa pamoja Jumapili moja baada ya Pasaka, ikajadiliwa kama kazi: hapa alifanya nini kwa macho, hapa kwa nini tulimwamini. Kabla ya kuanza asomewe sala ya marehemu, maana naye ni marehemu kama marehemu wetu wengine, anahitaji sala kuliko anavyohitaji wapelelezi.

Mimi ninazo DVD mbili, *Uncle JJ* na *Oprah*, moja ina mkwaruzo mwishoni. Mwenye deki inayofanya kazi aseme mapema.